Mkaguzi wa Makochi na Kaimu Wake

Nyumbani kwa fundi makochi wa mtaani kwetu hakuna kochi. Yaani makochi yapo kila siku, tena mazuri, lakini hakuna hata moja lililo lao. Sebule ndiyo karakana. Familia hula, hupumzika na hugombana juu ya viti vya watu, na mwenye kiti akija kukichukua, aliyekikalia huinuka na kikombe chake cha chai mkononi kutafuta pengine. Binti yao, ambaye sasa anauza kwenye duka la dawa, amekulia katika hali hiyo. Mpaka leo akiingia kwa mtu hukaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuinuliwa.

Viti hivyo huwabadilisha, ingawa wenyewe hawakubali. Wakikalia benchi la kinyozi lililoletwa kubadilishwa ngozi, wanapiga soga na kusengenya. Walipokalia viti vya zahanati, kila mmoja alikumbuka ugonjwa wake. Na ilipoletwa seti ya mkurugenzi wa kampuni fulani, yenye mikono mipana ya kuwekea mafaili, nyumba nzima ilianza kuzungumza kama barua ya kiofisi. Bahati mbaya, suala la mbwa wa pili lilijadiliwa juu ya seti hiyohiyo.

Fundi mwenyewe ni mtu mwembamba, mpole, asiyependa ubishi. Anapofanya kazi hubana misumari midogo kwa midomo na kuichomoa mmoja mmoja, kwa hiyo "ndiyo" yake na "hapana" yake zote husikika "mm". Wateja hudhani ni unyenyekevu. Mkewe anajua kwamba mara nyingine mumewe hutia misumari mdomoni wakati hakuna hata ubao wa kupigilia.

Mkewe hushona vitambaa vya makochi, na cherehani yake iko dirishani. Ndiye pia anayevisha vifungo, vile vya chuma vinavyofunikwa kwa kitambaa na kuzamishwa kwenye mgongo wa kochi. Ni mwanamke wa kanuni, na kanuni yake kuu ni kwamba ndani ya nyumba ile kila mmoja ana kazi yake. Jogoo aliyezoea kuwika saa ya chakula cha mchana aligeuzwa chakula cha mchana. Paka aliyefanya urafiki na panya alihamishiwa duka la nafaka, ambako inasemekana urafiki umeendelea.

Halafu kuna mbwa, anayeitwa Mkaguzi. Kazi yake kwenye maelezo ni kulinda. Kazi yake halisi ni kulala, na fundi ameifanya kuwa utaalamu. Kochi likimalizika, Mkaguzi hupanda juu yake, huzunguka na kujikunja. Akilala moja kwa moja, fundi hujua spring zimefungwa sawa na sponji imekaa. Akishuka na kuhamia kwingine, fundi hufungua kitambaa na kuanza upya, na mara zote, anasema yeye, hukuta spring moja imelegea. Kabla mteja hajafika, manyoya yote hutolewa kwa utepe wa gundi. Watu wazito mjini wamekalia kazi iliyopitishwa na mbwa na wakasifu mkono wa fundi.

Siku moja nyundo ilianguka kutoka kwenye meza, ikagonga sakafu karibu kabisa na kichwa cha Mkaguzi. Mbwa hakutikisa hata sharubu. Fundi akainama akapiga makofi. Kimya. Akachukua mkasi mkubwa, akaufungua na kuufunga karibu na sikio la mbwa, kra, kra. Kimya. Ndipo alipokanyaga sakafu kwa kisigino, na Mkaguzi akafumbua macho, akatikisa mkia na kumtazama kama anayeuliza nani kamwita. Sauti hazikuwa zikimfikia tena. Alichosikia alikisikia kwa tumbo.

Fundi akatazama dirishani. Cherehani ilikuwa inanguruma na mkewe amewapa kisogo. Akaokota nyundo, akatia misumari mdomoni, akaendelea na kazi. Alikuwa akimkumbuka jogoo.

Tangu hapo akaanza mchezo wake. Alijaza mfuko wa koti la kazi vifungo alivyochota kwenye kopo la mkewe. Lango likilia, na mkewe yuko karibu, alirusha kifungo kimoja kikampata Mkaguzi mapajani. Mbwa aliruka na kubweka kwa jumla, kuelekea pande zote, ili asije akamkosa anayehusika.

"Angalau anajitahidi," mkewe alisema siku moja.

"Mm," fundi alijibu.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku fundi alipotoka kwenda kununua sponji. Mito ya kochi kubwa la mkurugenzi ilikuwa barazani, gundi ikikauka. Mkewe alikuwa ndani na cherehani yake, ambayo ikishaanza kula kitambaa humeza kelele nyingine zote. Mwizi aliingia mchana kweupe, kwa lango, kama mgeni. Alipotoka, katika mito mitatu alikuwa amechukua miwili.

Fundi alirudi akamkuta mkewe amesimama barazani, mikono kiunoni.

"Wamebeba mito ya watu."

"Yote?"

"Mmoja umebaki."

"Upi?"

"Aliolalia mlinzi wako."

Mkaguzi alikuwa bado yuko juu yake, anakoroma. Inaonekana mwizi alikuwa mtu mwenye adabu zake, hakutaka kumsumbua.

Mito mingine miwili ilishonwa, kwa kitambaa kilichobanduliwa nyuma ya kochi mahali pasipoonekana na mtu ila ukuta. Seti ilipopangwa tena sebuleni, mke akaitisha kikao. Akamwita na kaka yake.

Kaka huyo anafunza walinzi katika kampuni ya ulinzi, na watu humwita Afande. Huvaa buti hata akienda kuoga, au ndivyo dada yake anavyosema. Alipoingia hakusalimia kwanza. Alikagua lango, akakagua ukuta, akamkagua Mkaguzi, akatikisa kichwa. Kisha akakaa kwenye kiti cha mkurugenzi, akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, na kuanzia hapo hakuna aliyeongea lugha ya nyumbani.

"Ndugu wajumbe," alisema, "hali ya usalama katika eneo hili hairidhishi."

"Sisi ni wanne tu, mjomba," binti alisema. "Hata wajumbe hatutoshi."

"Mlinzi anayelala lindoni ni sehemu ya tatizo. Napendekeza apumzishwe kwa heshima. Kambini kwetu nafasi ipo. Tunao wazee wawili pale, tumewafunga karibu na jiko, wanakula makombo, hawana shida na mtu."

Fundi alimtazama Mkaguzi, aliyekuwa amelala kwenye kochi kubwa kati ya binti na mto wa pembeni, akiendelea na ukaguzi. Hajawahi kufungwa kamba maisha yake yote. Fundi akaona kamba, akaona jiko, akaona majivu.

"Mimi sijasema aondoke," mke alisema. "Nimesema tuongeze mbwa wa pili. Huyu wa kwanza tutaona."

Ukimsikia mtu mwingine akisema "tutaona", huenda anamaanisha kwamba ataona. Fundi alikuwa ameshalisikia neno hilo kuhusu jogoo, na lilisemwa kwa upole uleule. Akatia mkono mfukoni, akatoa misumari, akaitia mdomoni.

"Toa hiyo misumari, mume wangu. Hapa hakuna ubao."

Akaitoa. Na mtu yule ambaye kwa kawaida hasemi zaidi ya neno moja akaanza kuzungumza kwa mtiririko. Alisema mbwa wawili watararua sponji. Alisema manyoya ya rangi mbili yatahitaji utepe wa aina mbili. Alisema mbwa akiwa peke yake anajua yeye ni mbwa, lakini wakiwa wawili wanaanza kujiona kama watu. Binti alikohoa. Afande alikunja uso akitafakari hoja hiyo ya mwisho kwa uzito mkubwa.

"Shemeji anaogopa mabadiliko," alitoa uamuzi. "Ni kawaida. Hata kazini kwetu ukileta kijana mpya, wazee wanaanza kulalamika viti ni vichache."

"Sasa kama ni lazima," fundi alisema, "aje kwa usaili. Hatuchukui mtu kiholela."

"Usaili wa mbwa, baba?"

"Abwekee wageni. Asibwekee wateja. Asipande kwenye makochi. Amheshimu aliyemtangulia."

Afande alijikuna kidevu. "Shemeji, kwa masharti hayo hata mimi sipati kazi."

Hilo ndilo fundi alilotaka. Alitegemea kwamba mbwa wa namna hiyo hajazaliwa, na kikao kitafungwa hivyohivyo. Lakini mkewe alisema masharti ni mazuri, Afande akasema tayari anamjua mwombaji, na kila mmoja akapeana mkono na mwenzake, jambo ambalo halijawahi kutokea katika familia ile kabla ya seti ya mkurugenzi wala baada yake.

Asubuhi ya usaili gari la mkurugenzi lilikuja likabeba seti yake. Sebuleni ukabaki mfupa wa kochi la mtu mwingine: fremu ya mbao, bila spring, bila sponji, mikanda tu imepita chini. Familia ikaketi hapo, kila mtu akijitahidi asizame kati ya mikanda. Ghafla hakuna aliyekuwa na hamu ya kusema "ndugu wajumbe".

Afande alileta mbwa jike, mwekundu, masikio yamesimama wima kama mikono ya mwanafunzi anayejua jibu.

"Alikuwa wapi?" dada yake aliuliza.

"Kazini kwetu."

"Mbona katoka? Alifukuzwa?"

"Hakufukuzwa, dada. Aliondolewa kwa maslahi ya kampuni."

"Kwa kosa gani?"

Afande alitazama buti zake. "Habweki."

Binti alicheka mpaka akazama kati ya mikanda, ikabidi avutwe. "Mjomba! Umemleta mlinzi asiyebweka aje kumsaidia mlinzi anayelala?"

"Ana sifa nyingine," Afande alisema kwa unyonge. "Ana masikio. Mtu akiwa bado anafunga kamba za viatu nyumbani kwake, yeye ameshajua. Ila anakaa nalo moyoni."

Fundi alifurahi, lakini hakuonyesha. Usaili ulipangwa hivi: Afande atatoka nje, avae koti na kofia ya kufunika uso, aingie langoni kwa kunyata. Waombaji, yaani mgeni na mwenye nafasi, watazamwe. Mkaguzi alikuwa amejikunja kwenye baraza, mlangoni kabisa, akilala usingizi wa mtu asiye na mshindani. Fundi akapiga hesabu kichwani: mgeni hatabweka, kwa kuwa si desturi yake. Mkaguzi atabweka, kwa kuwa kifungo kipo. Mjadala utakwisha, na hakuna atakayemwita mzee wake mzigo. Akaingiza mkono mfukoni.

Kabla lango halijalia, mbwa mwekundu akainua kichwa. Akatazama lango. Akamtazama Mkaguzi. Akatazama lango tena, na ungesema anashangaa.

Kisha lango likalia, na Afande akaingia ananyata, yaani buti zake zikakanyaga kokoto kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida. Fundi akarusha kifungo. Lakini siku hizi macho yake hayamtii vizuri, na mwanga wa mlangoni ulimpiga usoni. Kifungo kikapita juu ya mgongo wa Mkaguzi, kikagonga nguzo ya baraza, kikabingirika. Mkaguzi alikoroma.

Mbwa mwekundu aliondoka alipokuwa, bila haraka, akaenda mpaka kwa Mkaguzi na kumsukuma chini ya sikio kwa pua. Mara moja, na mara ya pili. Mkaguzi akafumbua macho, akainuka kwa heshima zote za cheo chake, akabweka kwa nguvu kuelekea jikoni. Mwekundu akageuza uso wake langoni na kutulia hivyo. Mkaguzi akamtazama, akafuata uso wake, akageuka, na ndipo akambwekea Afande vilivyo, kwa sauti iliyomfanya Afande arudi nyuma hatua kadhaa na kupoteza kofia.

"Amefeli!" Afande alipiga kelele kutoka langoni. "Mmeona wenyewe! Hakutoa hata sauti moja!"

Mwekundu alikuwa amekwenda chini ya nguzo, ameokota kitu kwa meno ya mbele, na sasa alikuwa akivuka sebule taratibu. Alisimama mbele ya fundi, akakiweka kitu hicho gotini pake. Kilikuwa kifungo, kimelowa mate.

Fundi alitafuta misumari mfukoni. Humo mlikuwa na vifungo tu.

"Pokea," mkewe alisema. "Si chako?"

"Kimeanguka."

"Kimeanguka kutoka kwako mpaka kwenye nguzo?"

"Mama watoto, mimi nilitaka tu..."

"Nani anafagia hapa?" mke aliuliza. Hakuwa amepandisha sauti. "Nakuuliza, mwenzangu. Nani kila asubuhi anafagia hapa, anakuta vifungo vimemzunguka mbwa kama vifaranga? Au unadhani vinaota?"

Aliinuka kwa taabu kutoka kwenye mikanda, akaenda kwenye cherehani, akarudi na kopo. Akamtolea kifungo kimoja, akamwambia akibonyeze. Fundi akabonyeza. Kilikuwa laini.

"Vya kwanza ulivyokuwa unampiga navyo ni chuma kitupu. Vinauma. Nikaanza kukushonea hivi kwa mabaki, ndani nimetia sponji. Nikawa naviweka juu kwenye kopo ili mkono wako uvikute hivyo."

Binti alimtazama mama yake, akamtazama baba yake. "Kwa hiyo baba anamficha mama, na mama anamtengenezea baba vifaa vya kumficha?"

"Wewe nyamaza, unauza dawa za kikohozi tu," mama alisema.

Fundi alikuwa bado anabonyeza kile kifungo. "Ulijua hasikii, na hukusema."

"Ungesema wewe. Mbwa ni wako."

"Nilidhani utampeleka kambini. Ulisema tutaona."

"Ndiyo, tutaona! Tutaona alale wapi, maana barazani kuna baridi!" Sasa sauti ilipanda. "Kwani ulidhani nataka mbwa wa pili wa nini? Mbwa nimeshachoka naye mmoja. Nilitaka masikio. Huyu ana sauti, hana masikio. Nikamwambia kaka yangu anitafutie masikio."

"Hukuniambia hivyo, dada," Afande alisema. Alikuwa amefika mlangoni, kofia mkononi, Mkaguzi akimnusa buti. "Uliniambia mlinzi."

"Ningekuambia masikio ungeniletea sungura."

Fundi alikohoa. Kuna jambo lilikuwa bado limemkwama kooni, na halikuwa msumari. "Na kanuni yako je? Ya kila mmoja na kazi yake. Jogoo hukumwonea huruma."

"Jogoo alikuwa mtamu," mke alisema. Kisha akashusha pumzi, akaketi karibu naye juu ya ubao wa ile fremu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. "Mume wangu, sindano zako unadhani zinajitunga uzi zenyewe? Tangu lini umeketi kazini ukakuta sindano haina uzi?"

Fundi alifikiri. Kila asubuhi sindano zake ndefu zilikuwa zimechomekwa kwenye kipande cha sponji, kila moja na uzi wake. Alikuwa ameshasahau kwamba hiyo ni kazi ya mtu. Miwani ambayo binti alimletea kutoka dukani bado ilikuwa kwenye boksi, kwa kuwa hakutaka kukiri mbele ya mtu kwamba haoni vizuri.

"Haya, kura," alisema Afande, ambaye hakupenda ukimya usio na amri. "Wanaounga mkono?"

Mke akainua mkono. Binti akainua. Wote wakamgeukia fundi.

"Ndiyo," alisema. Kwa kuwa mdomoni hamkuwa na kitu, ilisikika vizuri kabisa.

Mbwa mwekundu alipewa jina la Kaimu, kwa muda, mpaka hapo atakapothibitishwa. Mpaka sasa hajathibitishwa, na yeye hajalalamika. Lango likilia, Kaimu humsukuma bosi wake, bosi hubweka, na mtaa mzima husema mbwa yule mzee kumbe bado yuko imara. Mara nyingine hubwekea jikoni kwanza. Hakuna anayemsahihisha. Fundi naye siku hizi huvaa miwani, ila ndani tu, na mteja akiingia huivua na kumtazama kwa makadirio.

Kazi ya Kaimu mwenyewe ilipatikana baadaye kidogo, na ni mkurugenzi aliyeileta. Alirudi na mito miwili ya kochi lake kubwa. Alisema katika mito ile mitatu mmoja umekaa vizuri mno, umepokea umbo, ni kama unamjua mtu. Lakini hii miwili ni migumu, wageni wake wanaikwepa. Aliomba irekebishwe ifanane na mwenzake, na akauliza kama kuna siri yoyote.

"Siri hamna," fundi alimjibu. "Hii miwili haikupita kwenye ukaguzi. Tuachie wiki moja."

Mkurugenzi aliondoka ameridhika sana na utaratibu. Mke akaipeleka mito barazani, akaiweka mmoja huku na mwingine kule. Mkaguzi akauchukua wa kwanza bila kuuliza. Kaimu alisimama pembeni, masikio juu, akimtazama fundi, kwa sababu masharti ya usaili alikuwa ameyasikia vizuri kuliko mtu yeyote: asipande kwenye makochi.

Fundi akaupigapiga ule mto wa pili kwa kiganja.

"Panda," alisema. "Huu si kochi. Huu ni mto tu."